Kobalti ya Kolwezi na pweza wa kilindini

Kati ya Hawaii na Mexico, kwenye kina cha mita 4,000 na zaidi, sakafu ya bahari imetapakaa mawe meusi yenye umbo la viazi mbatata. Ukilipasua moja huenda ukakuta jino la papa katikati. Madini yaliyo majini yaliganda juu ya jino hilo tabaka kwa tabaka, milimita chache tu kwa kila miaka milioni moja. Ni manganisi, nikeli, shaba na kobalti, na baadhi ya kampuni sasa zinataka kuyazoa kwa mashine kwa ajili ya betri za magari ya umeme.

Wanaotaka kuchimba wana hoja nzito, na hoja hiyo inatugusa moja kwa moja. Karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake huchimbwa Kolwezi na wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Mashimo huporomoka, na watoto wameonekana wakiosha na kubeba mawe. Wanaotaka kuchimba baharini husema kwamba kule kilindini hakuna kijiji cha kuhamisha wala mtoto wa kubebeshwa gunia. Mtetezi wa bahari asiyejibu hilo hajamaliza kazi yake.

Kuna pia Nauru, nchi ya Pasifiki iliyo kisiwa cha kilomita za mraba 21 ambacho fosfati yake ilichimbwa miaka mingi chini ya utawala wa wageni, hata sehemu kubwa ya katikati yake ikabaki miamba ya chokaa. Mwaka 2021 Nauru ndiyo iliyoishinikiza Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, ikamilishe kanuni za uchimbaji ndani ya miaka miwili. Mwaka 2025 umekwisha na kanuni hazijapita. Mimi siwezi kuilaumu Nauru. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Lakini je, Kolwezi itapumua kweli? Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu soko lilifurika na bei ikaanguka, na Oktoba ikaanza kuuza kwa mgao. Kobalti ya baharini ikimwagwa juu ya hiyo, bei itazidi kushuka. Migodi mikubwa ina shaba ya kuegemea. Anayelipwa kwa gunia hana. Atashuka shimo lilelile kwa malipo madogo zaidi. Waliotunga Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 waliliona hili mapema, ndiyo maana mkataba unazungumzia kuzisaidia nchi zinazoendelea ambazo mapato yao ya madini yataumia. Isitoshe, magari mengi ya umeme sasa yanatumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti wala nikeli.

Kilichonishika zaidi ni habari ya pweza. Katika vilindi vya mbali na pwani ya Peru, wanasayansi walikuta pweza wakiatamia mayai kwenye mabua ya sponji (wanyama wa baharini wasiohama) waliokufa, na mabua hayo yameota juu ya mawe yaleyale yanayotafutwa. Jiwe likiondoka, sponji hana pa kushika, na pweza hana pa kutagia. Eneo hilohilo lilikuwa limelimwa kwa plau mwaka 1989, makusudi, kupima madhara. Waliporudi 2015 mitaro ilikuwa bado wazi, na humo mabua ya sponji hayakuwa yamerudi.

Haki niitende: si kila kiumbe hutoweka. Kwenye eneo la Pasifiki lililojaribiwa mwaka 1979, uchunguzi wa zaidi ya miaka 40 baadaye ulikuta baadhi ya wanyama wadogo wa topeni wamerejea, ingawa njia za mashine bado zinaonekana. Tope lina nafasi ya kupona. Jiwe halina, maana linahitaji mamilioni ya miaka, na hapo ndipo mizani yangu inapolalia.

Wakati huohuo, Aprili 2025 Rais wa Marekani, nchi ambayo haijaridhia mkataba huo, aliagiza uchimbaji huu uharakishwe, na kampuni moja ikaomba kibali kwa sheria za Marekani. Mkataba unaita sakafu hiyo urithi wa pamoja wa binadamu. Ikiwa kila mwenye meli atajipa kibali nyumbani kwake, sioni Nauru wala Kongo itadai nini, na kwa nani.

Zaidi ya nchi 30 zimetaka uchimbaji huo usitishwe kwa sasa, na ninaziunga mkono. Ila ziulizwe, kila moja, kobalti inayoingia viwandani mwake imetoka shimo gani, na aliyeichimba alilipwa kiasi gani kwa gunia. Kongo, Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mamlaka ya Kingston. Wajumbe wetu wanaweza kuuliza hilo katika kikao kijacho.