Mvumo wa Michenzani

Ripita yetu ya redio za ridhaa iko juu ya paa la ghorofa, Michenzani, na lifti hakuna. Kwa hiyo kila kifaa nitakachokitaja hapa kilipanda kwa ngazi, begani mwa mtu.

Kazi yake haina uchawi. Inasikiliza masafa ya 145.000 MHz, na papo hapo inarusha ilichokisikia kwenye 145.600, kwa nguvu, ili mwenye redio ya mkononi Makunduchi, kusini mwa Unguja, asikilizane na wa Nungwi, kaskazini. Jumamosi hiyo ikaamka inarusha mvumo. Mmmmmm. Haikati, haipumui, transmita inachemka na feni inalia.

Fundi mwenzangu hakungoja hata boksi lifunguliwe. "Kapasita za pawa saplai," kasema.

Hoja si mbaya. Umeme wa ukutani ni wa hezi 50. Ukipita kwenye dayodi za pawa saplai unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita zikichoka hayalainishwi, unayasikia kwenye spika. Akapima: volti 13.8, imetulia tuli. Akageuza mita kwenye AC kutafuta hayo mawimbi, akakuta milivolti chache zisizotosha kumnyima mtu usingizi.

"Mita imechoka," akasema, akalehemu kapasita mpya.

Mmmmmm.

Nikaagiza betri ya gari. Betri haina mawimbi, ni DC tupu, na hata mwenzangu hawezi kuisingizia kapasita. Kijana wa chini akaipandisha kwa ahadi ya bakuli la urojo, akafika juu hawezi hata kuitikia salamu. Tukachomoa pawa saplai, tukafunga betri.

Mmmmmm.

Mwenzangu akaanza kuishuku betri. Mimi nikachomoa kebo ya upande wa kupokea. Kimya! Nikairudisha: mmmmmm.

"Yakhe, ripita ni nzima," nikamwambia. "Hii inaingia kutoka hewani. Kuna mtu kitufe cha maiki yake kimebanwa, redio yake inarusha tu."

Hatujamaliza kubishana, sauti ya mama mtu mzima ikatoka kwenye spika, kali, juu ya ule mvumo: "Nani kauacha mlango wa friji wazi tangu asubuhi? Basi naizima, mtakunywa maji ya moto!" Tak. Mvumo ukafa.

Mashine ya friji! Nayo inakula umeme ule ule wa hezi 50, ndiyo maana ikavuma kwa sauti ya pawa saplai mbovu.

Sauti tuliijua. Ni Bi Mkubwa wa Maalim, mkongwe wetu wa redio, anayeiweka redio yake jikoni kwa sababu sebuleni kakatazwa. Na utauliza, ripita haina taima ya kumkata mtu akizidisha dakika 3? Ilikuwa nayo. Maalim mwenyewe ndiye aliyelalamika mpaka ikaondolewa, kwani ilikuwa inamkata hajamaliza kusalimia.

Kumwita kwa redio haiwezekani, inayorusha haisikii. Nikampigia simu. Kasida ikaanza kulia kwenye spika ya ripita, na kwa hivyo Unguja nzima yenye redio ikajua Maalim anapigiwa.

"Maalim kenda msikitini," Bi Mkubwa akaitikia, nikamsikia sikioni na kwenye spika kwa pamoja.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Samahani, hebu tuangalizie nyuma ya friji kuna nini."

"Marahaba. We mwana, una akili timamu? Unanipigia simu kuniuliza nyuma ya friji yangu? Nyie ndio wale wa Maalim, wa kuzungumza na mabati!"

Mwenzangu akajiinamia kwenye boksi la vifaa, mabega yanatikisika. Nikambembeleza Bi Mkubwa mpaka akainama. Maiki ilikuwa imedondoka baina ya friji na gunia la mchele, kitufe kimekazwa. Akaivuta, na mara ripita ikanyamaza.

Haikuchukua muda, rafiki yetu wa Bagamoyo akaingia hewani, sauti ya adabu: "Nawapokea tano na tisa, safi na kwa nguvu. Bi Mkubwa pia nimempokea tano na tisa. Kuhusu hiyo friji, mwambieni aangalie kwanza raba ya mlango."

Mwenzangu akaninyang'anya maiki.

"Si raba," akasema. "Hiyo ni kapasita."