Korosho za Mtwara, Picha ya Ulaya

Jamani, mji huu! Korosho ziko Chikongola, ziko Magomeni, ziko stendi kwenye beseni la yule mama, ziko mpaka mfukoni kwa dereva wa bodaboda. Halafu mtu anafungua kabiashara ka korosho, anataka tovuti, na picha ya korosho anaitoa wapi? Mtandaoni! Anachagua ile inayong'aa, pembeni imewekewa jani la mnanaa. Mnanaa, bwana! Mikindani nani anatafuna korosho na mnanaa?

Miaka miwili kimya, kisha inaingia baruapepe ya Kiingereza kutoka kwa wakala wa mpiga picha. Lipa yuro 600, tuseme, ndani ya siku 14. Hapo ndipo baraza zima linapogeuka mawakili. Mmoja: "Futa, nyamaza." Wa pili: "Mporomoshee matusi." Wa tatu, ambaye uraka wa asubuhi umeshamkolea: "Sheria za Ulaya hazivuki bahari."

Haki ya picha inavuka. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, tangu 1994, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999. Picha inalindwa tangu ilipopigwa. Haingoji kusajiliwa wala kuandikwa jina pembeni. "Sikujua" ni ombi la kupunguziwa, haikufuti kwenye daftari. Na ukisema fundi wa tovuti ndiye aliyeiweka, wakala atakujibu kwa adabu kwamba tovuti ni yako. Ya fundi mtamalizana wenyewe kwa mkataba mlioandikiana, ule ambao hamkuandikiana.

Mijusi ya Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, ilifukuliwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, tani kwa tani, ikabebwa hadi Berlin, na mpaka leo imesimama makumbusho inatazamwa. Sijasikia mtu wa Lindi akiwapelekea ankara ya siku 14. Haya, tuendelee na picha yetu ya korosho.

Usibonyeze kile kiungo cha malipo. Matapeli nao wanajua kuandika barua za kisheria. Angalia baruapepe imetoka kwenye anwani gani, itafute kampuni mwenyewe, ndipo uhangaike. Halafu chunguza picha uliipata wapi. Pengine ilitoka kwenye tovuti ya picha za bure na leseni yake ipo, itafute, uitunze. Kama ni leseni ya Creative Commons toleo la 4.0, ile inayoruhusu kutumia kazi ya mtu bure kwa masharti, na kosa ni kutotaja jina la mpiga picha, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua, leseni inarudi yenyewe. Siku za nyuma bado anaweza kuzidai, lakini una pa kushika.

Kisha iondoe, ila kwanza hifadhi ukurasa ulivyo, pamoja na tarehe. Na kuondoa si kuitoa machoni tu! Mitambo kama WordPress huikatakata picha moja katika saizi kadhaa na kuzitunza kwenye folda. Ukurasani imetoweka, lakini bandika anwani ya faili uone: korosho na mnanaa wake, zinakuchekea. Futa faili zote, kisha pita Facebook, Instagram na ile ya wasifu wa WhatsApp. Deni la nyuma halifutiki, ila linaacha kukua.

Sasa jibu, tena kwa ufupi. Tumepokea barua, picha tumeiondoa, hatukiri deni. Tunaomba uthibitisho wa umiliki, hati inayokuruhusu kumwakilisha mpiga picha, tarehe unazodai, na hesabu ya hiyo fedha ikilinganishwa na bei ya kawaida ya leseni. Basi. Sisi tukianza kuomba radhi tunasimulia mpaka gunia tulizouza msimu uliopita, na mwenzako huko anaandika tu.

Akileta uthibitisho, hiyo 600 ichukulie kama bei ya kinyago anayotajiwa mgeni: ndipo maneno yanapoanzia. Taja kiasi kinachokaribia bei ya leseni, omba muda. Mkikubaliana, kabla hujatuma hata senti, yaandikwe: picha ipi, kipindi kipi, na kwamba dai limefungwa moja kwa moja. Kulipa fidia hakukupi ruhusa ya kuirudisha picha, mpaka maandishi yaseme hivyo. Ikija hati ya mahakama, acha ubabe, mwone mwanasheria siku hiyohiyo.

Na picha mpya ipige mwenyewe: barazani, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, sahani nyeupe juu ya kanga. Faili la asili usilifute, ndiyo hati yako. Korosho nunua kilo mbili: moja ya kupiga picha, moja ya hao watakaojitokeza kukushikia sahani.