Kabla ya Ramirezi, Lisha Majini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, alinitumia picha ya tangi lake jipya la samaki wa mapambo. Kioo kinang'aa, taa ya buluu, mchanga mweupe wa kununua. Chini ya picha akaandika: "Kaka, nikiweka ramirezi wawili, goldifishi watatu na wale wenye milia, watapatana?" Nikamuuliza tangi lina siku ngapi. Akajibu: "Limefika leo asubuhi."

Nilicheka, ila kicheko cha mtu aliyekumbushwa madeni yake. Ramirezi wangu wa kwanza waliishi siku tisa.

Kwa asiyemfahamu, ramirezi ni siklidi mdogo, sentimita tano hivi, asili yake tambarare za Mto Orinoco huko Venezuela na Kolombia. Mstari mweusi unampitia jichoni kama wanja uliochirizika, ubavuni ana vidoa vya buluu vinavyowaka taa ikimpiga, na jike akiwa tayari kutaga tumbo lake huwa la waridi. Sato ni siklidi, furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ni siklidi, kwa hiyo shangazi yangu wa Sengerema alipomwona mara ya kwanza na kusema, "Baba, si furu huyu?" hakuwa amekosea sana. Alichokosea ni kukadiria bei. Nilipomtajia, akashika kichwa: kwa hela ile angeleta sato wa kulisha nyumba nzima.

Sifa ya ramirezi mitaani ni kwamba ni samaki wa kufa. Muuzaji akishakuuzia wakafa, anakwambia ndivyo walivyo. Mimi siafiki. Kinachomuua ramirezi kinamdhuru pia gapi na goldifishi, tofauti ni kwamba wale huvumilia miezi kadhaa wakichakaa polepole, na wewe unaendelea kudhani unajua kufuga.

Wangu niliwaagiza kutoka Dar es Salaam. Wakaja kwa basi, kwenye mfuko uliojazwa oksijeni ndani ya boksi la povu, nikawapokea stendi ya Nyegezi usiku, na usiku huo huo nikawatia kwenye tangi nililolijaza maji jana yake. Maji yalikuwa meupe kabisa, ungeyanywa. Siku ya nne wakawa wanahema haraka karibu na uso wa maji, mapezi yamekunjwa kama mwavuli. Siku ya sita akaenda dume, siku ya tisa jike. Nikampigia aliyeniuzia. Akasema ni hali ya hewa ya Mwanza.

Hali ya hewa haikuwa na kosa. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huzaa amonia, na amonia huunguza matamvua. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na juu ya mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina nafuu kubwa na mimea huila. Bakteria hao hawauzwi pamoja na kioo. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na wanahitaji kulishwa.

Ndiyo maana mara ya pili nilinunua tangi, nikaweka maji, filta na hita, kisha kila jioni nikawa natupia chembe za chakula kwenye tangi lisilo na samaki hata mmoja. Shangazi alikuwa amekuja kliniki ya macho na amelala kwetu. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Baba, humo unalisha nini?"

"Naandaa maji, shangazi. Bado samaki hawajaja."

"Hakuna samaki na chakula kinaisha?"

"Kinaisha."

"Basi unalisha majini."

Tangu hapo nyumbani kwetu bakteria wa filta wanaitwa majini, na sijapata jina zuri zaidi. Huwaoni, wanakula, ukiwaudhi wanakuletea msiba. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye dawa, umewaua. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Nililisha majini wiki sita, mpaka kipimo cha matone kikaonyesha amonia sifuri na nitriti sifuri, kisha nikasubiri mwezi mwingine. Mwezi huo wa nyongeza watu hawaupendi. Kwa ramirezi siupunguzi.

Hapa nataka kuwaambia wenzangu wa Mwanza kitu ambacho huwa hatukishukuru. Tumekaa juu ya maji ambayo mfugaji wa Dodoma angeyalilia. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, hivyo yana madini machache. Ni maji laini, sabuni inatoa povu bila kubembelezwa na birika halijengi ukoko mweupe. Linganisha na Tanganyika, ambako maji ni magumu na pH yake (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) inakaribia 9. Siklidi wadogo wa kule Kigoma, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, wangeteseka kwenye tangi la ramirezi, na ramirezi angeteseka kwao. Wote wadogo, wote wazuri, wote siklidi, na hawana hata ndoo moja ya maji wanayoweza kugawana.

Maji ya bomba yetu yanatoka ziwani lakini yametiwa klorini, kwa hiyo huwa nayalaza kwenye ndoo wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikiyatia mapovu. Bomba langu kipimo kilisoma 7.6, juu kidogo kwa samaki aliyezoea maji yenye asidi. Sikununua dawa ya kushusha pH. Nilikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi, nikachanganya nusu kwa nusu. Halafu nikaokota majani makavu ya mkungu, mti wa kivuli, si mkungu wa ndizi, yale makubwa yanayoanguka yakiwa yamegeuka kahawia. Suuza, tupia matatu manne tangini, maji yanakuwa na rangi ya chai ya rangi. Wafugaji wa nje wanayanunua majani haya kwa pakiti. Sisi tunayafagia na kuyachoma.

Mawe nayo ni bure. Mwanza yote ni mawe, na mawe yetu ni matale, granaiti, hayayeyuki wala kubadilisha maji. Usilete matumbawe ya pwani kwa ajili ya urembo. Yana chokaa, yatafanya maji kuwa magumu. Ukitilia shaka jiwe, lidondoshee siki: likitoa vipovu, liache nje. Jiwe moja liwe bapa, upana wa kiganja, kwa sababu ramirezi hutaga juu ya kitu bapa. Mchanga uwe laini, anapenda kuuchota mdomoni na kuutema.

Kitu kimoja sikuruhusu uokote: mimea na konokono wa ufukweni. Najua inavutia, iko pale, unakunja suruali na kuingia. Lakini kichocho katika mwambao huu ni ugonjwa wa kila siku, na konokono wa maji ndio wanaobeba vimelea vyake. Ukileta majani yenye konokono halafu ukatumbukiza mkono tangini kila wiki, umejiletea ziwa sebuleni kwa ubaya wake.

Joto limenisumbua kuliko maji. Ramirezi anataka nyuzi 27 hadi 30, mimi naweka 28. Watu wanadhani Mwanza ni joto basi hita haina kazi. Amka saa kumi alfajiri mwezi wa saba uguse kioo. Kwa tangi langu la lita mia, hita ya wati 100 inatosha. Umeme ukikatika, navisha tangi blanketi, nawasha kipampu cha hewa cha betri na silishi. Ndiyo sababu pia natumia filta ya sponji inayoendeshwa na hewa badala ya ile ya kopo kubwa: kipampu cha betri kinaiendesha giza likiingia, na majini wanaendelea kupumua.

Sasa swali la kijana wa Nyakato, watapatana?

Kwanza nadhani "watapatana" inatupotosha. Tunawaza ugomvi tu, nani atamng'ata nani. Goldifishi hamng'ati ramirezi. Ila goldifishi anataka maji baridi, nyuzi 20 hivi anastarehe, anakua mkubwa kama kiganja na anachafua maji kwa kasi ya ajabu. Ukiwaweka pamoja lazima mmoja aishi kwenye hali ya hewa ya mwenzake. Wenye milia, wale barbi, joto wanaliweza kiasi, ila kazi yao ni kudonoa mapezi ya wenzao kutwa nzima, na ramirezi ni samaki wa kutembea taratibu. Mbuna, siklidi wakali wa Ziwa Nyasa, usiwataje. Na wale watoto wa sato ambao vijana wanawavua kwa chandarua pale kando, tafadhali, sato ni chakula, na atakaa kwako kama chakula mpaka siku utakapogundua tangi limebaki na yeye peke yake.

Mimi huanza na sakafu. Ramirezi ni samaki wa chini. Wakishakuwa jozi, wanajitwalia eneo lao na kulilinda. Kwa hiyo tangi la sentimita 60 lina jozi moja, basi. Madume wawili humo ni ugomvi ambao mmoja hana pa kukimbilia. Wengi wanaongeza koridorasi, wale kambare wadogo wenye sharubu, kwa sababu ni wapole na wanaokota makombo. Ni wapole kweli, lakini nao ni wa chini, wanataka kuishi kundi la sita, na usiku ramirezi akiwa haoni vizuri wao wanapita wanakula mayai yake. Kwenye sentimita 60 siwaweki. Kwenye 90 na zaidi ningeweka sterbai, kwa kuwa huyo katika jamii yao anavumilia joto.

Katikati ya maji ni tetra kardinali, kumi au kumi na wawili. Si neoni, ingawa wanafanana. Neoni anapenda baridi zaidi, na kwenye nyuzi 28 anaishi maisha mafupi. Kardinali ni wa Rio Negro na Orinoco, joto na maji ya rangi ya chai ni nyumbani kwao. Tena wana kazi ambayo hukuitarajia. Ramirezi akiona samaki wadogo wanaogelea wazi bila wasiwasi, naye anatoka mafichoni. Wangu walijificha nyuma ya gogo siku mbili. Nilipotia kardinali, jioni ile ile dume akatoka.

Nikaishia hapo. Aina mbili. Wageni wakija wanauliza mbona tangi tupu.

Kuna anayeniuliza kwa nini nisifuge furu, mzalendo gani anahangaika na samaki wa Venezuela? Hoja ina nguvu. Furu mmoja mwekundu na manjano, watafiti walipompa jina mwaka 1985, walimwita *nyererei* kwa heshima ya Mwalimu. Na ni katika Ghuba ya Mwanza hii hii watafiti walionyesha, mwaka 1997, kwamba maji yakichafuka majike wa furu hushindwa kutofautisha rangi za madume, spishi zikaanza kuchanganyikana. Hata huko ziwani shida ilianzia majini. Lakini nyererei dume ni mbabe, huyo anataka tangi lake. Anayenivutia ni mwingine, siklidi mdogo wa kwenye mafunjo, jike wake anaatamia mayai mdomoni. Huyo ndiye ningemwendea afisa uvuvi nikaombe kibali.

Ila kuelekea upande wa pili, kutoka tangini kwenda ziwani, hakuna kibali cha kuomba: usiachie chochote. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka. Gugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini kama ramirezi, na lilisambazwa duniani kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau. Tulikuja kulihesabu kwa hekta. Ukichoka kufuga, mpe mwenzako. Mimea ya tangini ianike juani ikauke ndipo uitupe.

Kijana wa Nyakato nilimwambia aachane na wazo la goldifishi na aanze kulisha majini. Alituma emoji ya kucheka, jana akatuma picha ya kipimo: amonia bado inasoma. Nikamwambia ni dalili njema.

Wangu wametaga mara tatu juu ya lile jiwe bapa. Mara mbili waliyala mayai usiku wa kwanza, ya tatu wamefika siku ya pili na dume anapepea kwa mapezi, hataki hata kidole changu kisogelee kioo. Nikampigia shangazi kumpa habari. Akauliza ni mayai mangapi, nikamwambia kama mia na hamsini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza wakikua wote wanajaa sufuria gani.