Mbao za Bigo Haziuharibu Mlima

Kila anayeshuka kutoka Rwenzori huulizwa swali lile lile hapa Kasese, Uganda: ulifika Margherita? Mimi sikufika, wala sikupanda Julai hii kwa ajili ya kilele hicho cha juu kabisa. Nilikwenda kutembea mzunguko wa kati, ule unaoanzia Nyakalengija, na siku ninayotaka kuieleza ni ya tatu, ya kutoka kibanda cha John Matte hadi kibanda cha Bujuku. Ndiyo siku iliyonifanya niachane na msimamo niliokuwa nao kwa miaka mingi kuhusu mbao zilizotandikwa juu ya kinamasi cha Bigo, ambazo niliamini kwamba zinauondolea mlima uasili wake.

Tuliondoka saa mbili asubuhi kwenye ukungu, tukiwa juu ya meta 3,400. Viatu vya mlimani hufungwa kwenye mzigo siku hiyo, na kila mtu, awe mgeni, mwongozaji au mpagazi, huvaa gambuti. Julai huhesabiwa kuwa mwezi mkavu, lakini ukavu wa Rwenzori ni wa kwenye kalenda tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa inatiririka. Baada ya mwendo mfupi bonde lilifunguka mbele yetu, tambarare, la rangi ya kahawia, limejaa vichuguu vya nyasi ngumu zilizosongamana, na katikati yake mashina ya lobelia, mimea mirefu ya milimani, yamesimama wima kama walinzi. Ndege aitwaye chozi mwenye manyoya ya kijani yanayong'aa alikuwa akitoka ua hadi ua bila kutujali.

Pale pasipo na mbao, mtu huvuka kwa kuruka kutoka kichuguu hadi kichuguu. Akikosea, mguu huzama mpaka gotini, na kuuchomoa ni kazi ya watu wawili, kwa sababu matope huing'ang'ania gambuti na kuvuta kwa nguvu hutoa mguu peke yake. Nilizama mara nne. Lakini si kuzama kwangu kulikonisumbua, bali nilichokiona nilipoinua macho baada ya kuzama mara ya pili: njia tuliyokuwa tukipita haikuwa njia tena, ilikuwa uwanja mweusi wenye upana wa hatua thelathini hivi. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Wa kwanza hupita katikati mpaka pakawa matope. Wanaofuata huyakwepa kwa kupita pembeni. Pembeni nako kukiharibika, wengine husogea mbali zaidi. Kila kundi hukanyaga vichuguu vipya, na kichuguu kilichopasuka katika baridi ile hakirudi mwaka unaofuata. Mimea ya kule hukua polepole mno.

Chini ya vichuguu hivyo kuna mboji, yaani mabaki ya mimea ambayo hayakuoza sawasawa kwa sababu ya baridi na maji yaliyotuama, yakarundikana tabaka juu ya tabaka kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote. Mboji ikiwa imefunikwa na mimea hukaa mahali pake na kushika maji. Ikivuliwa nguo yake, mvua huichukua kidogo kidogo mpaka mtoni.

Na mto huo ni wetu. Mto Bujuku unapita humo humo bondeni, unaungana na Mubuku, na Mubuku ndiyo inayomwagilia mashamba ya tambarare ya Kasese kabla ya maji kwenda Ziwa George. Tumezoea kusema kwamba mito yetu inatoka kwenye barafu, na wazee wa Kikonzo wana haki ya kuitukuza barafu hiyo, maana ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wao. Hata hivyo, waliopima maji ya mito hiyo wamekuta kwamba yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu ni sehemu ndogo sana. Karibu yote ni mvua, ile inayopokelewa na misitu na vinamasi. Nalisema hili kwa uzito. Barafu ya Rwenzori inapungua kwa sababu ya joto la dunia nzima, na hakuna anachoweza kufanya mtu wa Kasese peke yake kuizuia. Kinamasi cha Bigo kinaharibiwa na nyayo, na nyayo zinaweza kuzuiwa kwa mbao na misumari.

Tulipofika sehemu yenye mbao nililiona jambo hilo bila kuelezwa na mtu. Kulia na kushoto kwa njia, hatua moja tu kutoka ukingo wa ubao, vichuguu vilikuwa vizima, na maji kati yake yalikuwa masafi. Kundi zima la watu na mizigo lilikuwa limepita hapo siku iliyotangulia, na halikuacha hata alama moja ya unyayo.

Wapo wenzangu wapenda milima wanaosema kwamba mgeni anakuja Rwenzori kutafuta matope, na kwamba ukimtandikia mbao unamnyima kilichomleta. Nawaheshimu, kwani nilikuwa mmoja wao. Ila hoja hiyo inamhesabu mtu mmoja tu, yule anayepita pale mara moja katika maisha yake na mfuko mdogo mgongoni. Mpagazi hapiti mara moja. Anapita kila safari akiwa na magunia ya chakula na vifaa vya kupikia, msimu baada ya msimu, na akizama na mzigo anaweza kuvunjika mguu mahali ambapo hakuna njia ya kushuka isipokuwa kubebwa na wenzake kwa siku nzima au zaidi. Matope anayoyasifia mgeni ndiyo hatari ya kazini ya kijana wa Kikonzo.

Ninachokubali ni kwamba mbao zilizoachwa bila kutunzwa ni mbaya kuliko kutokuwa nazo. Tulizikuta nyingine zimeoza katikati, nyingine zimelegea upande mmoja, na zilizolowa zilikuwa na utelezi wa sabuni. Mbao hubebwa mabegani hadi kule, kwa hiyo najua si kazi nyepesi. Lakini Hifadhi ya Rwenzori imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1994, na tangu 2009 imo pia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ardhi iliyopewa heshima hiyo inastahili sehemu ya ada za wageni itengwe kwa ajili ya mbao zake peke yake, zipigiliwe wavu wa waya ili mguu usiteleze, na zikaguliwe kabla ya kila msimu wa kutembea.

Alasiri ukungu uliinuka tulipokuwa kando ya Ziwa Bujuku, na kwa dakika chache tuliona kingo za Mlima Stanley. Hapo njia ilikuwa imerudi kuwa matope matupu. Kibandani, pimbi walipoanza kulia gizani, nilimuuliza mpagazi mkubwa kwa umri katika kundi letu, ambaye alikuwa akikausha soksi motoni, nini angependa kibadilishwe huku juu.

"Mwalimu," akasema, "mbao zifike ziwani."