Orodha ya mzigo itangulie, lori lifuate

Kila ninapotaja mpango wa dharura za kemikali hapa Kigoma, napewa jibu lile lile: "Kemikali gani tena, kaka? Sisi tuna dagaa na mawese." Nakubali nusu. Hatuna mtambo wa kusafisha mafuta wala kiwanda cha mbolea. Tulicho nacho ni mwisho wa reli. Tangu njia ya Mjerumani ilipofika ufukweni mwaka 1914, mzigo wa kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie unashukia hapa, na kwa kuwa lazima utoke kwenye behewa au lori ndipo uingie melini, mwingi unalala hapa. Humo mna petroli, dizeli, mitungi ya gesi, dawa za mashamba, unga wa klorini wa kutibia maji, kabaidi ya mafundi wa kuchomelea na kostiki ya kina mama wanaotengeneza sabuni ya mawese. Hayo mawese yenyewe, basi, yana kemikali yake.

Wanaosimamia mzigo huo ni wengi hadi unachoka kuwataja. Gatini kuna TPA, relini TRC, malori yana LATRA, mafuta yana EWURA, meli zina TASAC, mahali pa kazi pana OSHA, mazingira yana NEMC, kemikali zina Mkemia Mkuu wa Serikali, na moto ukiwaka ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kila mmoja ana sheria yake: ya kemikali za viwandani na majumbani ni ya mwaka 2003, ya mazingira 2004, ya zimamoto 2007. Juu ya zote kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iliyofuta ile ya 2015, na ndani yake kuna kamati za maafa kuanzia mkoa kushuka hadi kijijini. Kwa sheria hatuna deni.

Ninacholalamikia ni kimoja. Mkaguzi anakuja, anakagua, anajaza fomu, na fomu inaingia kwenye faili la taasisi yake. Mwenye bohari ana orodha ya alichonacho, wakala wa forodha ana hati za mzigo, stesheni wana namba za mabehewa. Sasa saa nne usiku mtu anapiga 114, namba ya zimamoto, na kusema kuna moto karibu na bandari. Askari wa zamu anavaa, gari linatoka, na karatasi zote za kumwambia anakwenda kukutana na nini zimefungiwa kwenye ofisi zilizofungwa tangu saa tisa na nusu alasiri.

Mtu anaweza kusema moto ni moto, mwaga maji. Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu hatujui maji yanavyoweza kugeuka adui. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiipiga maji inaelea juu yake ikiwaka na kufuata mteremko, na huko iendako inawasha vingine. Inataka povu maalumu la kuufunika moto. Kabaidi ikiguswa na maji inatoa gesi ile ile ambayo fundi anachomelea nayo. Unga wa klorini ukikutana na mafuta unaweza kuwaka wenyewe, na ukikutana na asidi unatoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini chini ikitafuta mabonde. Vitu vyote hivyo vinaweza kuwa kwenye ghala moja, kwenye magunia na mapipa yanayofanana, na askari aliyesimama mlangoni na mpira wa maji hana namna ya kujua asipoambiwa.

Tarehe 4 Agosti 2020 huko Beirut kikosi cha watu kumi kilitumwa bandarini kuzima moto wa ghala. Ndani mlikuwa na tani 2,750 za ammonium nitrate, kemikali ya mbolea inayoweza kulipuka, zilizoletwa na meli mwaka 2013. Bandari walijua. Forodha walijua, na walikuwa wameandika barua. Kikosi hakikujua. Ghala lililipuka, na wote kumi walikufa, pamoja na watu wengine wa mji ule, jumla yao zaidi ya 200. Sisemi Kigoma kuna ghala kama lile. Nasema mtindo ule wa ofisi moja kujua na ofisi ya jirani kutojua, huo tunao.

Nilisimama njia panda ya Mwandiga nikitazama malori ya mafuta yakiingia mjini. Nyuma ya lori moja kulikuwa na kibao cha rangi ya chungwa, nusu kimefunikwa vumbi: juu 33, chini 1203. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyeegesha hapo namba zile ni za nini. "Si namba ya gari kwenye kampuni yao hiyo, mzee?" Mwenzake akadakia: "Kwani wewe trafiki?" Tukacheka. Ile 1203 maana yake petroli, dunia nzima. Dizeli ni 1202. Na 33 inasema ni kimiminika kinachodaka moto upesi sana. Ukimtajia zimamoto tarakimu zile kwa simu, umemwambia abebe nini kabla hajatoka kituoni. Vijana wa bodaboda ndio wanaofika kwenye ajali kabla ya yeyote, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kusoma kibao. Kazi ya nusu saa kijiweni.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoingia, na ni hoja nzito. Wenye mafuta wanasema: ukitangaza mzigo, unaita wezi. Lori likianguka watu watakuja na madumu. Hawasemi uongo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Na hapo ng'ambo yetu, Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, tarehe 2 Julai 2010 ilikuwa hivyo hivyo, na waliokufa walizidi 230.

Lakini tazama kilichowaleta watu pale. Lori la mafuta halihitaji tangazo. Tumbo lake linaonekana kutoka mbali na harufu inafika kabla ya mtu kuuliza. Ambacho hawakuwa nacho ni habari ya mvuke. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na unatambaa ardhini hadi ukutane na cheche. Mji wetu umejengwa mlimani. Petroli ikimwagika mtaa wa Mwanga, huko juu, haitakaa Mwanga; itashika mtaro kufuata Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni na bandarini, ikipita kwenye majiko ya mkaa ya mama ntilie ambao hawajaliona lori wala kusikia kishindo. Mwizi wa mafuta tumwachie polisi. Huyo mama ndiye anayetakiwa kupata simu ya mwenyekiti wa mtaa ndani ya dakika chache akiambiwa amwagie jiko maji aondoke. Na orodha ninayoitaka haibandikwi sokoni. Inakwenda zimamoto, polisi, hospitali ya mkoa na kwa katibu wa kamati ya maafa. Sijawahi kusikia zimamoto wamekwenda kunyonya behewa.

Wazo lenyewe si geni. Baada ya gesi ya kiwanda cha Bhopal, India, kuua maelfu mwaka 1984, Marekani walitunga sheria mwaka 1986: kila eneo liwe na kamati ambamo zimamoto, polisi, afya, wanahabari, wananchi na wenye viwanda wanakaa pamoja, na mwenye kemikali hatari kupita kiwango fulani apeleke orodha yake kwa kamati na kwa zimamoto. Mwaka 1988 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likatoa utaratibu wa namna hiyo kwa nchi yoyote itakayoutaka. Sisi kamati tunazo tayari. Mwenye bohari ndiye hayumo, au yumo siku ya kuombwa mchango wa maji ya kunywa.

Halafu kuna ziwa, na hapa sina subira. Novemba 1986, karibu na Basel, Uswisi, ghala la kemikali liliungua. Moto ulizimwa, lakini maji yaliyouzima yalibeba sumu hadi Mto Rhine, ukageuka mwekundu na samaki wakafa kwa mamia ya kilomita. Rhine ni mto. Maji yake yanakwenda baharini na mengine yanakuja. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka, kwa sababu mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga, kule Kongo. Tunayanywa, tunavua humo, na mataifa manne yanayategemea. Mkataba wa kulilinda ulisainiwa 2003 na mamlaka yake iko Bujumbura. Je, mafuta yakimwagika gatini usiku, nani wa kumpigia mtu wa mitambo ya maji azime pampu? Swali dogo kabisa, na nimewauliza watu wanaotakiwa kulijua. Nilipewa majibu tofauti.

Nenda Kibirizi asubuhi uone maboti ya vijijini yanavyopakia. Mapipa ya petroli yanatangulia chini, juu yake magunia ya unga, juu ya magunia abiria na kuku wao. Mtu anamimina mafuta kwenye tenki la injini kwa chupa ya maji iliyokatwa, na mwingine amewasha sigara hatua tatu kutoka pale. Nahodha anajua kila pipa liko wapi na ni la nani. Ujuzi huo hauko kwenye kikao chochote. Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba, wavuvi ndio waliofika mwanzo na mitumbwi yao. Huku kwetu itakuwa hivyo hivyo, kwa hiyo mvuvi na nahodha waitwe mezani mapema, waambiwe lini wasisogee. Kuwahi kwenye moshi usioujua ni kuongeza idadi ya wa kuokolewa.

Wapo watakaosema Kigoma imeshajaribiwa ikafaulu. Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa kijiji cha Kagunga, mpakani, kipindupindu kikalipuka, na meli ya Liemba ya zaidi ya miaka mia ikaenda kuwabeba kuwaleta mjini hadi Uwanja wa Lake Tanganyika. Kweli, taasisi zilikaa pamoja na kazi ikafanyika. Lakini ile dharura ilidumu wiki kadhaa, mkaweza kujifunza mkiwa mnatenda. Petroli inakupa dakika.

Pesa? Mwenye mzigo alipe. Povu la kuzimia moto wa mafuta ni ghali, linaharibika likikaa, na sioni kwa nini halmashauri inayohangaika na madawati ilinunue ili kulinda faida ya mtu. Wenye mabohari wafanye kama chama cha kufa na kuzikana: wagombanie wateja mchana kutwa, lakini kila mmoja achangie akiba moja ya povu, iwekwe mahali ambapo ufunguo unapatikana usiku, na atakayeungua atumie ya wote. Na waharakishe, maana mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022 na bandari kavu ya Katosho inasubiri mzigo. Tutapokea mengi zaidi ya haya.

Mazoezi nayo yabadilike. Yale ya fulana mpya, mgeni rasmi na moto wa matairi uliowashwa saa nne asubuhi yanapendezesha picha tu. Mimi ningeanza na la bure: katibu wa kamati akae saa mbili usiku wa Jumapili, apige namba zote zilizo kwenye mpango wa dharura, aandike nani alipokea, nani hapatikani, nani alihama mkoa zamani. Baadaye wajaribu upepo. Mchana mara nyingi unatoka ziwani kupanda mjini, na gesi nzito inakaa mabondeni, kwa hiyo shule na hospitali zijue mapema watu wao wakimbilie upande gani. Redio za hapa zipewe maneno ya kusoma, kwa Kiswahili na Kiha, yakiwa yameandikwa tayari.

Kikao cha kwanza aite mkuu wa wilaya, kabla mvua za msimu hazijaharibu barabara na malori kuanza kuteleza. Awaite wenye mabohari, stesheni, bandari, mtu wa maji, mganga, manahodha wa Kibirizi na mwenyekiti wa bodaboda. Ajenda iwe moja, nini kiko mjini leo na kiko wapi, na atakayekuja bila orodha arudi kuifuata wenzake wakimsubiri.