Goma inahitaji matangi kabla ya pampu

Kila mara robine zikikauka Goma, jibu linakuwa lilelile: ziwa si liko hapo? Leteni pampu. Wanaosema hivyo wana hoja. Ziwa Kivu lina kilomita za mraba kama 2,700 na halikauki kiangazi. Pampu ikifungwa, maji yanaonekana upesi. Tangi la zege mlimani linakula pesa na miaka, na mtu wa kartie ya Ndosho, hapa mjini, bado anasubiri. Tena Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu tangi kuu na mabomba, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Kwa nini basi tujenge kitu ambacho volkano inaweza kukivunja usiku mmoja?

Wanasahau mji huu umekaa juu ya nini. Mvua tunayo, kama milimita 1,200 kwa mwaka, lakini inaanguka juu ya mawe ya lava yaliyojaa matundu, inazama papo hapo. Kuchimba hapa ni kupigana na mwamba. Kwa upande wa maji tunaishi kama watu wa jangwani, ila ziwa liko miguuni. Na ndilo tatizo, liko chini: uso wake uko mita kama 1,460 juu ya bahari, uwanja wa ndege karibu 1,550. Kila tone lazima lipandishwe.

Kulipandisha kunataka umeme. Januari 2025 mapigano yalipokata umeme, pampu zilisimama. Maji yaliyokwisha kupanda tangini, hayo yanashuka yenyewe mpaka kwenye kartie, bila waya, bila mazutu ya jenereta.

Tupige hesabu. Tumpe kila mtu bidoni moja ya lita 20 kwa siku: kunywa, kupika, kunawa. Ni kidogo sana. Watu 500,000 wanataka mita za ujazo 10,000. Tangi la mita za ujazo 5,000 ni kubwa ukisimama mbele yake, lakini ni akiba ya nusu siku. Umeme ukikatika alfajiri, kabla ya jioni limekwisha. Ukitaka siku tatu, muda wa fundi kutafuta waya uliokatika na kuuunga, unahitaji mita za ujazo 30,000. Sasa ongeza pampu mara mbili, mara tatu: siku umeme haupo, zote zinatoa sifuri. Hesabu hii ndiyo sisikii ikisemwa.

Maana anayekosa maji nyumbani hangoji. Anashuka ziwani. Hapo pwani utakuta kijana ameshika bomba la sindano, anatia klorini ndani ya kila bidoni ya njano inayopita. Kazi yake inaokoa watu, lakini anayechota usiku hamkuti. Goma inajua bei ya maji hayo: Julai 1994, wakimbizi wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Wako pia wanaotetea mvua ya paa, nami nawaunga mkono nusu. Bati la mita za mraba 40 linaweza kukusanya lita 48,000 kwa mwaka. Lakini Juni hadi Agosti mvua ni haba, na moshi wa Nyiragongo unaitia asidi na floridi. Ya kufua, sawa. Ya kumnywesha mtoto kila siku, hapana.

Kuhusu lava, mwaka 2021 ulionyesha hatari ya kutegemea tangi moja kupita kiasi. Dawa yake ni matangi kadhaa, magharibi na mashariki ya mji, yaliyoungwa kwa mabomba yenye vali, ili upande mmoja ukiungua mwingine uendelee. Ni ghali, na fedha zikiwa chache pampu chache zitangoja. Nakubali zingoje. Mradi wowote wa maji unaoletwa kwetu uulizwe kwanza: umeme ukikatika, Majengo na Mugunga watakunywa kwa saa ngapi?