Jina la kitambulisho, jina la mtandaoni

Oktoba 2022 Rais Museveni wa Uganda alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. Kifungu chake kimoja kilimtia hatiani anayesambaza habari kwenye mitandao ya kijamii kwa utambulisho wa uongo au wa kujificha, na adhabu iliweza kufika miaka mitano gerezani. Siku chache kabla ya saini hiyo, ujumbe wa Twitter uliotutia aibu kuliko yote mwaka ule, kwamba wiki mbili zingetosha kuiteka Nairobi, ulitoka kwenye akaunti ya Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais. Jina lake, picha yake, na cheo ambacho nchi nzima inakijua. Baba yake ndiye aliyewaomba radhi Wakenya.

Nautaja mkasa huo kwa sababu wanaotaka kila mtu aandike kwa jina la kitambulisho husema jina halisi humtia mtu adabu. Huenda humtia adabu mnyonge.

Hata hivyo, hoja yao si ya kubezwa. Kwa miaka mingi akaunti ya Facebook iliyojiita Tom Voltaire Okwalinga, TVO kwa wasomaji wake, ilimwaga tuhuma za kila aina kuhusu wakubwa wa Kampala. Nyingine zilifurahisha, nyingine zilimpaka mtu matope asijue amshitaki nani. Wakili Fred Muwema alikwenda hadi Mahakama Kuu ya Ireland, yalipo makao ya Facebook barani Ulaya, akitaka TVO atajwe. Mwaka 2016 mahakama ilikubali, kisha ikabadili msimamo baada ya kuelezwa hatari ambayo mtu huyo angekutana nayo akijulikana. Hatari hiyo haikuwa ya kubuni: Juni 2015 Robert Shaka alikamatwa hapa kwetu akidaiwa kuwa ndiye TVO. Ukiwa Muwema, unaona haki imekwama. Ukiwa Shaka, unaona kwa nini watu hujificha. Mimi siwezi kusema mmoja wao anakosea.

Ninachokataa ni sheria kuwaweka wote kapu moja. Fort Portal au Hoima, magharibi mwa Uganda, mtu mzima huitwa Amooti, Akiiki, Adyeeri au Atwooki. Hiyo ndiyo empaako, jina la heshima na upendo, na kumwita mzee kwa jina lake tupu bila hiyo ni utovu wa heshima. Sasa mama akifungua TikTok kwa jina la Adyeeri, amejificha? Sokoni Owino, Kampala, utauliza jina la kitambulisho la Mama Fulani mpaka jua lizame, na jirani yake wa kibanda hatalijua. Bobi Wine, mwanamuziki na mwanasiasa wa upinzani, naye ni Robert Kyagulanyi Ssentamu kwenye karatasi za Tume ya Uchaguzi, lakini nani alidanganyika? Jina ambalo mtu amelibeba miaka kumi mbele ya wateja wake lina dhamana kubwa kuliko lile lililoandikwa kwa haraka kwenye kadi, wakati mwingine hata herufi zake si sahihi.

Pesa ni jambo jingine. Anayejiita Malkia wa Vitenge kwenye WhatsApp na ajiite apendavyo, ila mteja anapotaka kumtumia malipo kwa simu, jina lililosajiliwa hutokea kabla hajaweka namba ya siri. Akiona jina la mwanamume asiyemjua, anasita na kuuliza. Usajili wa laini ulianza mwaka 2012, kwa hiyo jina halisi tayari lipo pale linapohitajika, bila kumlazimisha Malkia alitangaze kwa kila mpita njia, wakiwemo wale wanaume wanaowasumbua wanawake usiku kucha kwa ujumbe.

Serikali nayo haina mikono safi. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti ilizosema ni feki, zenye uhusiano na kituo kimoja cha Wizara ya TEHAMA, zilizokuwa zikimpigia debe Rais. Jibu la serikali lilikuwa kuufunga mtandao wenyewe, nasi tukajifunza kuingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Na sheria ya majina imeshajaribiwa kwingine: Korea Kusini ililazimisha majina halisi mtandaoni mwaka 2007. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji milioni 35 wa mitandao miwili ya huko, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo.

Kwangu mimi, kosa liwe kuchukua jina na picha ya mtu mwingine aliye hai ili kumwibia au kumsemea. Kujifanya mtu mwingine kwa nia ya ulaghai kulikuwa tayari kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, muda mrefu kabla ya 2022. Muwema angebaki na shida yake, nakubali. Lakini mahakama inaweza kupima ombi moja moja, kama ya Dublin ilivyofanya, na kuamua lini pazia lifunuliwe na mbele ya nani. Askari mwenye kifungu cha mstari mmoja mkononi hana nafasi ya kupima hivyo, na Adyeeri wa TikTok ndiye atakayemkuta kwanza.